Taimingi ya moto kwenye injini ya gari la zamani: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu

Injini ya zamani yenye pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche iruke) na kabureta ikianza kukosa nguvu, mkono wa mtu huenda moja kwa moja kwenye distribyuta, kifaa kinachobeba pointi hizo na kugawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Bolti ya kubana inalegezwa, distribyuta inasogezwa huku na huku mpaka mlio upendeze, kisha inakazwa. Gari linakwenda siku mbili tatu, halafu linaanza kuchemsha, au kugonga mlimani, au kukataa kuwaka likiwa na moto. Hitilafu ya kweli ipo palepale ilipokuwa: pointi zimejifunga, springi imekatika, mpira wa vakyumu umepasuka. Imefunikwa tu na taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, iliyopotoshwa ili injini iende nayo.

Ndiyo maana katika mwongozo huu kuzungusha distribyuta ni kazi ya karibu na mwisho. Kabla ya hapo kuna vitu vya kuthibitisha, na mpangilio wake una sababu. Ukiruka kimoja, vipimo vya mbele vyote vitakudanganya.

Taimingi inafanya nini

Mchanganyiko wa petroli na hewa haulipuki kwa mkupuo. Unaungua, na moto unahitaji muda wa kusambaa kutoka kwenye plagi hadi pembeni mwa silinda. Injini inataka shinikizo liwe kubwa kabisa pale pistoni inapokuwa imekwisha kupita kidogo kilele cha mwendo wake, takriban nyuzi 15 za krankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Ili lifike hapo, cheche lazima iruke mapema, pistoni ikiwa bado inapanda.

Mapema kiasi gani? Hapo mwendo ndio unaoamua. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, krankshafti inapita nyuzi 4.8 kwa kila milisekunde. Ikifika 3000, inapita nyuzi 18 kwa milisekunde hiyohiyo moja. Cheche iliyofaa kwenye sailensi, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, itakuwa imechelewa sana barabarani, kwa hiyo distribyuta ina njia ya kuiwahisha yenyewe kadiri resi zinavyopanda.

Taimingi unayoiona ukipiga taa ya taimingi (inamulika alama ya puli ya krankshafti kila plagi namba 1 inapotoa cheche) ni jumla ya mambo matatu. La kwanza ni taimingi ya msingi, ile unayoiweka wewe kwa kuzungusha distribyuta, mara nyingi kati ya nyuzi 5 na 12 kabla ya kilele. La pili ni vizito viwili vilivyo chini ya bamba la pointi: vinatanuka kwa mzunguko, vinapambana na springi, na kuongeza kama nyuzi 20 hadi 25 injini ikifika karibu 3000. La tatu ni vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaotoka kwenye kabureta au manifoldi kwa mpira mwembamba, ambayo inaongeza nyuzi nyingine 10 hadi 15 wakati unakwenda kwa mwendo mwepesi bila kukanyaga sana. Silinda hapo inakuwa na mchanganyiko mchache, unaoungua polepole, hivyo unahitaji kuanzishwa mapema zaidi. Ukikanyaga hadi chini vakyumu inapotea, nyongeza inaondoka, na injini inasalimika.

Kumbuka pia kwamba shafti ya distribyuta inazunguka nusu ya mwendo wa krankshafti. Ukisogeza distribyuta kwa nyuzi moja, umebadilisha taimingi kwa nyuzi mbili. Kusogeza kidogo tu kwa mkono, kiasi cha unene wa ukucha, kunatosha kuharibu au kutengeneza.

Dalili, na jinsi ya kuzisoma

Taimingi iliyowahi mno inasikika kabla ya kuonekana. Ukiwa kwenye gia kubwa, mwendo mdogo, ukakanyaga mafuta kupanda mlima, utasikia kelele ya chuma, nyepesi na ya haraka, kama misumari midogo inayotikiswa ndani ya kopo. Hiyo ni kugonga, na isipuuzwe hata siku moja, kwa sababu inatoboa pistoni. Dalili nyingine ni stata kusukumwa nyuma injini ikiwa na moto: inazunguka, inakwama kama betri imekufa, inazunguka tena. Watu wengi wamebadilisha betri na stata kwa dalili hiyo wakati kosa lilikuwa taimingi.

Taimingi iliyochelewa ni mpole zaidi, na kwa hiyo huachwa miezi mingi. Gari ni zito, linakula mafuta, sailensi inakuwa chini na haitulii, na ukikanyaga injini inachelewa kuitika. Moto unaendelea kuungua hata valvu ya kutolea moshi inapofunguka, hivyo manifoldi ya moshi inapata joto kali na injini nayo inachemsha. Hapa pana mtego: kuchemsha kunaweza kutokana na taimingi ya pande zote mbili. Usiseme “inachemsha, basi nirudishe nyuma” kabla ya kupima.

Injini ikirudisha moto kwenye kabureta na haitaki kuwaka kabisa, shuku mambo makubwa zaidi ya nyuzi mbili tatu: waya za plagi zimepishana, au distribyuta imerudishwa ikiwa imegeuka nusu mzunguko.

Vifaa

Taa ya taimingi yenye kibanio cha kushika waya wa plagi, kipimo cha dweli (muda pointi zinaokaa zimefunga) na resi, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), taa ndogo ya majaribio ya volti 12, spana ya kuzungushia bolti ya puli, bisibisi, chaki au rangi nyeupe, na kitabu cha injini hiyo hasa. Namba za gari moja hazihamishiki kwenye lingine, na hata injini ya jina moja ilibadilishiwa distribyuta mwaka hadi mwaka. Namba iliyogongwa kwenye mwili wa distribyuta ndiyo inayokuambia ni ipi uliyo nayo.

Kabla ya kuanza: weka gia huru, vuta hendibreki, funga mikono ya shati, fanya kazi mahali penye hewa. Na hili ni la kukaririwa: chini ya mwanga wa taa ya taimingi, feni inayozunguka inaweza kuonekana imesimama kabisa. Waya za taa na vidole vyako vikae mbali nayo.

Kwanza, hakikisha moto wenyewe ni mzima

Hakuna taimingi itakayotulia kwenye mfumo wa moto uliochoka. Fungua kofia ya distribyuta uitazame ndani kwenye mwanga wa jua. Unatafuta ufa mwembamba kama unywele, au mstari mweusi wa kaboni unaotoka kituo kimoja kwenda kingine. Umeme unapita hapo badala ya kwenda kwenye plagi. Kipande cha kaboni cha katikati kiwe kizima na springi yake ikisukume. Rota, kile kipande kinachozunguka chini ya kofia na kupeleka umeme kwa kila kituo, isiwe na ncha iliyoungua.

Fuata waya mmoja mmoja hadi kwenye plagi yake ukilinganisha na mpangilio wa moto, yaani zamu ya kila silinda kuwaka. Kwenye injini nyingi za silinda nne zilizo kwenye mstari mmoja, MGB ikiwemo, ni 1-3-4-2. Volkswagen Beetle ni 1-4-3-2. Silinda sita kwenye mstari mara nyingi ni 1-5-3-6-2-4, na V8 ndogo ya Chevrolet ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Ili usikisie upande rota inakoelekea, fungua kofia, zungusha injini kwa mkono, uangalie.

Ndani ya distribyuta kuna kiwaya kifupi chenye nyuzi laini kinachounganisha bamba la pointi na mwili, yaani ethi. Kinapinda kila vakyumu inapovuta, na baada ya miaka mingi kinakatika ndani ya ngozi yake bila kuonekana. Gari linakuwa zuri kwenye sailensi, linakatakata moto ukikanyaga. Kivute taratibu kwa koleo. Kikivutika kama mpira, kimekatika.

Kondensa mbovu hujionyesha kwenye pointi: zinaungua haraka, zinakuwa za bluu au nyeusi, na injini inaanza misi, yaani kuruka cheche, ikipata joto. Badilisha pointi na kondensa pamoja. Ukiwa na mita ya umeme, pima na koili: ile ya volti 12 isiyotumia rezista ya nje huwa na takriban omu 3 upande wa msingi, na ile inayotumia rezista huwa karibu omu 1.5. Ukifunga hii ya pili bila rezista yake, pointi zitaungua kila baada ya muda mfupi na hutajua kwa nini.

Pili, thibitisha kwamba alama ya puli inasema kweli

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayopoteza siku nzima. Puli nyingi za injini kubwa ni vipande viwili vilivyoshikanishwa na mpira wa kupunguza mtetemo. Mpira ukichakaa, duara la nje linateleza, na alama inahama nalo. Unaweka nyuzi 10 kwa uangalifu mkubwa, kumbe injini iko kwenye 22. Kuna pia puli zilizobadilishwa kutoka injini nyingine, na vifuniko vya mbele vyenye kipimo kisicholingana na puli hiyo. Kwenye baadhi ya injini alama haiko kwenye puli kabisa. Iko kwenye flaiwili, na inachunguliwa kwa kidirisha cha nyumba ya gia.

Kutumbukiza bisibisi kwenye tundu la plagi na kungoja ipande hadi mwisho hakutoshi. Karibu na kilele pistoni husogea kidogo mno, krankshafti inaweza kupita nyuzi kadhaa bila bisibisi kuonyesha tofauti. Njia ya uhakika ni kizuizi cha pistoni: plagi ya zamani iliyotolewa kauri yake, ikafungwa bolti yenye ncha ya mviringo ndani yake.

1. Toa waya wa ethi wa betri, halafu toa plagi zote ili injini izunguke kirahisi.
2. Peleka pistoni ya silinda namba 1 chini kidogo ya kilele, kisha funga kizuizi kwenye tundu lake.
3. Zungusha injini kwa spana, taratibu, kwa upande wake wa kawaida, mpaka pistoni iguse kizuizi. Usilazimishe. Weka alama ya chaki kwenye puli mkabala na alama ya sifuri ya kifuniko.
4. Zungusha upande wa kinyume mpaka iguse tena. Weka alama ya pili. Angalia kwamba bolti ya puli hailegei wakati unarudi nyuma.
5. Pima umbali kati ya alama hizo mbili kwa utepe uliozungushwa kwenye puli. Katikati yake kabisa ndipo kilele cha kweli kilipo.

Ondoa kizuizi kabla hujagusa kitu kingine chochote. Stata ikizungushwa na kizuizi ndani, pistoni inapasuka.

Kama alama ya kiwandani inakubaliana na katikati uliyoipata, iamini. Kama imehama kwenye puli ya mpira, usitosheke na kuchora mpya, kwa sababu duara lililoteleza mara moja litateleza tena, na linaweza kutoka injini ikiwa kwenye mwendo. Badilisha puli.

Ukiwa hapo chora na nyuzi unazozihitaji. Mduara wa puli ni kipenyo mara 3.14, gawanya kwa 360 upate milimita za nyuzi moja. Puli ya milimita 115 inatoa takriban milimita 1 kwa kila nyuzi, hesabu nyepesi sana. Puli ya milimita 150 inatoa 1.3, kwa hiyo nyuzi 10 ni milimita 13 na nyuzi 32 ni karibu milimita 42. Alama za nyuzi 10, 20 na 30 kwa rangi nyeupe zinakuwezesha kutumia taa ya kawaida isiyo na kitufe cha kurekebisha.

Tatu, pointi na dweli

Pointi hurekebishwa kabla ya taimingi, kila mara. Cheche inaruka pale pointi zinapofunguka. Nafasi ikiwa kubwa, kamu (sehemu ya shafti ya distribyuta yenye migongo inayosukuma pointi) inazifungua mapema. Ikiwa ndogo, inachelewa kuzifungua. Kwa hiyo ukiweka taimingi kwanza halafu ukagusa pointi, umeitangua kazi yako.

Dweli ni pembe ambayo shafti ya distribyuta inazunguka pointi zikiwa zimefunga, muda ambao koili inajazwa nguvu. Silinda nne zinagawana nyuzi 360, kila moja ina 90, na dweli huwa mara nyingi kati ya 45 na 60 kutegemea distribyuta. V8 yenye seti moja ya pointi ina nyuzi 45 kwa kila silinda, na 30 kati ya hizo ni dweli. Kanuni ya kukariri: dweli ikiongezeka kwa nyuzi moja, taimingi inachelewa kwa nyuzi moja hivi ya krankshafti.

Zungusha injini mpaka kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya mgongo wa kamu. Legeza skrubu ya pointi, weka fila geji ya kipimo cha kitabu. Nyingi ni milimita 0.35 hadi 0.40, Beetle ni 0.40. Geji iteleze ikigusa pande zote mbili bila kusukuma mkono wa pointi. Kaza, kisha pima tena, kwa sababu skrubu ikikazwa huwa inavuta bamba.

Fila geji inaaminika kwa pointi mpya tu. Pointi zilizotumika huwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili. Geji inagusa kilele cha kilima, inapima nafasi ndogo kuliko iliyopo, nawe unaishia kuzifungua kupita kiasi. Kwa hizo tumia kipimo cha dweli, au ziache uweke mpya.

Paka grisi kidogo ya joto kali, kiasi cha kichwa cha kiberiti, mahali kisigino kinapokutana na kamu. Kamu kavu inasaga kisigino, nafasi inapungua, taimingi inachelewa siku hadi siku. Kwenye sponji iliyo chini ya rota weka tone moja au mawili ya oili, si zaidi. Oili ikifika kwenye pointi zinaungua.

Sasa washa injini ukiwa na kipimo cha dweli. Soma kwenye sailensi, kisha pandisha hadi 2500 hivi, mpira wa vakyumu ukiwa umetolewa na kuzibwa. Dweli ikibadilika kwa zaidi ya nyuzi 2 au 3, shafti ya distribyuta inacheza kwenye bushi zake. Zima, shika shafti, itikise kwa pembeni: ukiona pointi zinafunguka na kujifunga kwa kutikisa tu, hakuna marekebisho yatakayokaa. Distribyuta inahitaji bushi mpya au ibadilishwe.

Nne, vizito, springi na vakyumu

Shika rota, izungushe kwa upande inakozungukia. Inapaswa kwenda kidogo kwa ukinzani wa springi na kurudi yenyewe ukiiachia. Isipokwenda, vizito vimeganda kwa kutu na grisi kavu. Gari litakuwa zuri kwenye sailensi na zito barabarani, na mtu akiwahisha taimingi ya msingi kulifidia, litagonga likianza kupanda. Ikienda lakini isirudi, springi moja imekatika au imechoka. Hapo nyongeza inakuja mapema mno, sailensi inapanda na kushuka, na kila ukipima taimingi ya msingi unapata namba tofauti. Springi mbili za distribyuta moja mara nyingi hazifanani makusudi, moja nene, nyingine nyembamba. Usizione “zimekosewa” ukazifanya sawa.

Kwa vakyumu, toa mpira upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo huku ukitazama bamba la pointi. Lazima lisogee. Ziba tundu kwa ulimi. Bamba libaki liliposogea. Likirudi polepole, kiwambo kimetoboka. Kiwambo kilichotoboka kinafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kinaondoa nyongeza ya vakyumu, na kinaingiza hewa kwenye injini, hivyo mchanganyiko unapungua mafuta. Watu huishia kufungua kabureta isiyo na kosa.

Tano, mnyororo wa taimingi

Kipimo hiki kinachukua dakika mbili. Kofia ya distribyuta ikiwa imefunguliwa, zungusha krankshafti kwa spana upande mmoja mpaka rota ianze kusogea. Weka alama ya puli. Kisha geuza upande wa pili taratibu, ukiwa na mwenzako anayeitazama rota, na usimame mara tu inapoanza kusogea. Nyuzi zilizopita kwenye puli ni ulegevu wa mnyororo pamoja na meno ya kuendesha distribyuta. Nyuzi tatu nne si neno. Zikikaribia 10, mnyororo umekwisha, na taimingi itakuwa inarukaruka hata ufanye nini kwenye distribyuta.

Sita, kuweka taimingi injini ikiwa imezimwa

Njia hii inatosha kuwasha injini iliyotoka kufunguliwa, na kwa baadhi ya magari ya zamani ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu. Toa plagi ya silinda namba 1, ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako azungushe injini. Kidole kikisukumwa na hewa, pistoni inapanda kwenye mgandamizo. Endelea mpaka alama ya nyuzi zinazotakiwa ikutane na kipimo. Fika kwenye alama ukitokea upande wa kawaida wa mzunguko tu. Ukipitiliza, rudi nyuma robo mzunguko uanze upya, ili ulegevu wa mnyororo uwe umevutwa upande sahihi.

Rota sasa itazame kituo cha waya namba 1. Ikitazama upande wa pili kabisa, ama uko kwenye mzunguko wa kutoa moshi, ama distribyuta imeingizwa kinyume. Kidole gumba ndicho kitakachokuambia ni lipi.

Unganisha taa ya majaribio: waya mmoja kwenye kituo cha distribyuta kinachopokea waya mwembamba wa koili, mwingine kwenye bodi ya injini. Washa swichi ya gari. Legeza distribyuta kiasi cha kuzunguka kwa mkono. Izungushe kufuata upande wa rota mpaka taa izime, yaani pointi zimefunga. Kisha irudishe kinyume cha rota, polepole sana, na usimame pale taa inapowaka. Hapo ndipo pointi zinafunguka, hapo ndipo cheche inaruka. Kaza. Usiiache swichi imewashwa huku pointi zimefunga. Koili itapata moto na kuharibika.

Saba, kupiga taa injini ikiwaka

1. Ipashe injini joto mpaka choki ifunguke kabisa. Pale kitabu kinapotaka injini baridi, fuata kitabu.
2. Toa mpira wa vakyumu kwenye distribyuta na uuzibe kwa bolti ndogo.
3. Bana taa kwenye waya wa plagi namba 1. Kama kibanio kina mshale, uelekee kwenye plagi. Waya huo usigusane na wa jirani.
4. Weka sailensi kwenye mwendo wa kitabu. Ukiwa juu mno, vizito vimekwisha kuanza kutanuka na unapima jumla badala ya msingi. Jaribu kushusha mwendo kidogo: taimingi ikishuka nayo, bado hujafika chini yake.
5. Mulika alama. Kuwahisha, zungusha distribyuta kinyume cha rota. Kuchelewesha, ifuate rota. Sogeza kidogo kidogo.
6. Kaza, kisha mulika tena. Distribyuta hupenda kusogea wakati wa kukazwa.

Itazame alama yenyewe, si namba tu. Alama iliyosimama imara ni injini yenye afya. Ikitetemeka upana wa nyuzi mbili, ni uchakavu wa kawaida. Ikirandaranda nyuzi tano na zaidi, rudi kwenye bushi za shafti, bamba la pointi na mnyororo, kwa mpangilio huo.

Sasa pandisha resi taratibu. Alama ipande kwa mwendo laini bila kuruka, na isimame kupanda karibu na mzunguko uliotajwa kitabuni, kwa mfano 3000. Jumla ya msingi na vizito kwa injini nyingi za zamani huwa kati ya nyuzi 28 na 36. V8 ndogo ya Chevrolet hupenda 34 hadi 36, wakati Beetle huwekwa chini ya hapo. Jumla ikiwa sahihi lakini msingi hauko sahihi, distribyuta si ya injini hiyo au springi zimebadilishwa. Ukilazimika kuchagua, linda jumla. Nyuzi za kupita kiasi kwenye mwendo mkubwa hazisikiki vizuri kwa sababu ya kelele, na ndizo zinazovunja.

Kipimo kimoja cha ziada kina thamani kubwa. Hamisha kibanio kwenye silinda inayopanda pamoja na namba 1: namba 4 kwa 1-3-4-2, namba 6 kwa silinda sita na kwa V8 hiyo. Alama inapaswa kuonekana palepale. Tofauti ya zaidi ya nyuzi 3 inatokana na kamu ya distribyuta iliyolika au shafti iliyopinda. Beetle peke yake isihukumiwe hivyo kwa haraka: mwenzake wa namba 1 ni namba 3, na baadhi ya distribyuta zake zilitengenezwa makusudi silinda hiyo ichelewe kidogo, kwa kuwa ndiyo inayopata joto zaidi.

Rudisha mpira wa vakyumu. Kama unatoka juu ya kipepeo cha kabureta, taimingi ya sailensi isibadilike, ila ipande ukikanyaga kidogo. Kama unatoka kwenye manifoldi, itapanda papo hapo. Fuata alikouweka mtengenezaji.

Nane, barabarani, na baada ya hapo

Tafuta mlima, gia kubwa, mwendo wa kilomita 40 au 50 kwa saa, kanyaga. Usiposikia kitu, kazi ni nzuri. Ukisikia kugonga, chelewesha kwa nyuzi 1 au 2 na ujaribu tena. Kitabu kiliandikwa kwa petroli ya wakati ule, na unayoipata pampu ya leo inaweza kudai namba tofauti kidogo. Lakini kama unalazimika kurudi zaidi ya nyuzi 4, usiendelee. Chunguza kaboni kwenye vichwa vya pistoni, plagi za joto lisilofaa, mchanganyiko wenye mafuta machache, na vizito vinavyotanuka mapema.

Ukiweka kifaa cha elektroniki badala ya pointi, taimingi nzima ipimwe upya, kwa sababu cheche hairuki tena mahali pointi zilipokuwa zikifunguka. Vizito, springi, vakyumu na bushi vinabaki vilevile, na magonjwa yake vilevile.

Chora mstari mmoja kwa rangi kutoka mwili wa distribyuta hadi bloku ya injini. Pointi mpya hukaa vizuri kisigino kikishasagika kidogo, kwa hiyo baada ya kilomita 500 hadi 1000 pima tena. Ukikuta taimingi imechelewa nyuzi mbili na ule mstari wa rangi haujasogea, distribyuta haijahama: pointi zimejifunga, yaani nafasi kati yake imepungua. Iache distribyuta ilipo, rudisha dweli kwenye namba yake, na alama ya puli itarudi yenyewe.